Kijana akiachwa nje na miaka 15 msimfungie mlango

Kwako Mhariri,

Nawasalimu nyote hapo gazetini. Mimi ni msomaji wenu wa Kaptembwo hapa Nakuru, kazi yangu ni fundi wa mjengo na jioni nasaidia vijana wa mbio wa mtaani. Naomba nafasi niseme juu ya hii tabia imeshika sana kwa michezo yetu, kwamba kijana akifika miaka 18 kama hajachukuliwa na shule kubwa ama kambi ya mbio basi anaambiwa atafute kazi, wakati wake umeisha. Mimi hiyo siikubali hata kidogo, na mfano wangu nautoa mbali sana, Austria, kwa watu wa skii, yaani wale wa kuteleza kwa theluji na mbao ndefu miguuni.

Kuna jamaa anaitwa Hermann Maier. Wengi wetu hatumjui, manake mwaka 1998 kwa Olimpiki ya theluji pale Nagano, Japani, macho yetu yalikuwa kwa Philip Boit, mtoto wa huku huku Bonde la Ufa, aliyemaliza zile kilomita 10 za skii akiwa wa mwisho na bingwa Bjørn Dæhlie akamngoja pale kwa laini amkumbatie. Hiyo kila mtu ashaisikia. Lakini kwa michezo hiyo hiyo Maier alikuwa upande wa wale wa kushuka mlima kwa kasi, akakosea kona, akarushwa hewani, akaanguka vibaya akapita na nyua za usalama, ukiona ile video unasema huyu amekufa. Siku tatu baadaye akachukua dhahabu ya super-G, mbio ya kushuka mlima kwa kasi ukipinda kwa milingoti, halafu akaongeza ingine ya slalomu kubwa, ambayo kona zake zimekaribiana zaidi.

Sasa huyo mtu alikuwa ameshakataliwa kitambo. Baba yake alikuwa na shule ya kufunza skii kijijini kwao Flachau, kijana akapelekwa shule maalum ya skii pale Schladming akiwa na kama miaka 15, hakukaa sana, akarudishwa nyumbani kwa sababu mwili ulikuwa mdogo na magoti yalikuwa yanamsumbua. Kwa nchi kama Austria, ambapo skii ndio mbio zao, kurudishwa hivyo ni kuambiwa umekwisha. Akasomea ufundi wa ujenzi. Wakati wa joto anajenga, wakati wa baridi anafunza watu skii kwa shule ya baba yake, na hivyo miaka ikaenda, wenzake wa rika lake washaingia timu ya taifa yeye yuko na mwiko na simiti.

Kilichomtoa hapo ndio nataka wakubwa wa michezo wasome polepole. Tarehe 6 Januari 1996 mashindano ya Kombe la Dunia la skii, zile mbio za msimu mzima, yalikuja hapo kwao Flachau. Kabla mashindano ya skii yaanze huwa kuna watu wanatangulizwa kushuka, kazi yao ni kujaribu njia kama iko sawa, hawahesabiwi kabisa. Maier akapewa hiyo nafasi. Akashuka, saa ikapimwa, na ule muda wake kama angekuwa mshindani ungemweka namba 12. Namba 12 duniani, fundi wa mjengo, miaka 23! Najua mtu atasema wanaotangulia wanapata theluji ambayo haijachimbwa na wengine, ni kweli, lakini mchezo ambao watu wanaachana kwa sehemu ya mia ya sekunde huwezi kubahatisha muda kama huo. Mwaka uliofuata alikuwa ashashinda mbio yake ya kwanza ya Kombe la Dunia. Mpaka anastaafu 2009 alikuwa na ushindi 54 wa Kombe la Dunia na taji la jumla la msimu mara 4, na hapo katikati, Agosti 2001, aligongwa akiwa kwa pikipiki mguu ukavunjika mpaka madaktari wakafikiria kuukata, akakosa Olimpiki ya 2002, akarudi Januari 2003 na mwezi huo huo akashinda super-G ya Kitzbühel.

Nawauliza, bila ile nafasi ya kutangulia nani angemjua?

Kwa mjengo ambao niko sai kuna kijana mtu wa mkono. Siku ya kumwaga slebu yeye ndiye anapanda na karai kutoka asubuhi, ngazi ni zile za mbao za kuyumba, wengine wakishika kiuno yeye bado anapanda, na jioni anavua gambuti, anavaa raba zimeshonwa pembeni na uzi wa gunia, tunaenda kukimbia. Nimempima mara nyingi na huyo kijana anakimbia. Shuleni aliachwa nje ya timu akiambiwa ni mdogo sana, na saa hii akijaribu kuingia mashindano anaulizwa ametumwa na shule gani ama klabu gani, hana, anarudi. Sio kwamba amejaribiwa akashindwa, hajapimwa kabisa! Hiyo ndiyo inaniuma.

Na si ati mambo haya ni ya wazungu peke yake. Paul Tergat wa hapo Baringo alianza mbio za maana akiwa ashaingia jeshi, shule ameshamaliza, na huyo ndiye alishinda mbio za nyika za dunia mara 5 mfululizo, 1995 mpaka 1999, halafu 2003 akaweka rekodi ya dunia ya marathoni pale Berlin, 2:04:55. Jeshi lilimpa nafasi. Sasa yule ambaye hayuko jeshini, polisi wala shuleni, anapimwa na nani?

Ombi langu si la pesa nyingi. Mbio za nyika za kaunti zikifanyika hapa Nakuru, na pia Kisumu, Kakamega na kwingine, njia ishatengenezwa, saa iko, waamuzi washafika. Basi saa moja kabla ya mbio kubwa wafungulie yeyote anayetaka, wa miaka 20, 23, 25, wa bodaboda, wa mjengo, wa sokoni, wasichana na wavulana, wakimbie njia hiyo hiyo wapimwe na saa hiyo hiyo, na muda wao ubandikwe ukutani karibu na ule wa washindani. Wasipewe medali. Makocha wa kambi si wako hapo tayari, wasome wenyewe waone nani wa kuita. Na nyinyi gazetini mkichapisha matokeo ya kaunti mtoe nafasi kidogo ya hayo majina pia, hata kama ni kwa maandishi madogo pale chini.

Fundi na msomaji wenu,
Kaptembwo, Nakuru