Kinachooteshwa si jino, ni kinacholishika

Mhariri, salamu.

Ile makala yenu ya meno kuoteshwa maabara niliisoma mara mbili. Nilifurahi ila kichwa cha habari kimepotosha, pale halioti jino bwana, wanachohangaika nacho ni vile vinavyolishika: fizi, mfupa wa taya, simenti inayofunika mzizi, na nyuzi za katikati ya mzizi na mfupa zinaitwa ligamenti. Mi nimeng'oka meno mawili hayana tundu hata moja, yalilegea tu mpaka basi, kwa hiyo habari hii inanigusa.

Hiyo ligamenti unene wake ni kama robo ya milimita tu lakini ndiyo inayobeba uzito kila unapotafuna. Ukoga ukikaa chini ya fizi mwili unapambana na bakteria na humohumo mfupa unalika, na ukishalika haurudi wenyewe. Hata ukisafishwa vizuri, ngozi ya fizi ndiyo inayowahi, inateremka kwenye mzizi inaziba, nyuzi zinakosa pa kujishikiza. Ndo maana mwaka 1982 kule Sweden, mtafiti Nyman na wenzake waliweka kizuizi chembamba kati ya fizi na mzizi ili ngozi isubiri na seli za ligamenti zipate muda. Mwaka 2004 watafiti wakapata seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine, ndani ya ligamenti yenyewe, wakazitoa kwenye magego ya mwisho yaliyong'olewa, yale tunayotupaga!

Sasa seli ukizimwaga tu kwenye shimo la mfupa uliolika hazikai, zinataka kiunzi, yaani kitu cha kuzishikilia. Wanatumia polima, yaani vitu vya jamii ya plastiki, zenye vitundu vitundu, mojawapo ni ya jamii ileile ya nyuzi za kushonea vidonda zinazoyeyuka zenyewe, seli zinapandwa humo zinajaa halafu kiunzi kinaisha taratibu. Hapo kwenye kuisha ndo pagumu, na makala yenu hamkupagusa kabisa. Kikiyeyuka mapema seli zinabaki hazina pa kushika, kikichelewa kinakaa kwenye nafasi ya mfupa, na kinavyoyeyuka kinatoa asidi ambayo ikizidi inazisumbua seli zilezile. Halafu mfupa unataka kiunzi kigumu, ligamenti inataka laini tena nyuzi zake zisimame zikiunganisha mzizi na mfupa, maana mfupa ukigusa mzizi moja kwa moja vinagandana.

Wajapani wao wanakuza seli kwenye sahani yenye polima inayobadilika na joto, ukiipoza chini ya nyuzijoto 32 za Selsiasi seli zinabanduka kama karatasi moja, wameshajaribu kwa wagonjwa 10. China nao walipandikiza seli za ligamenti, matokeo yakatoka 2016: mfupa uliongezeka ila haukuwazidi sana wale ambao hawakupewa seli. Na hilo mliandike jamani, mgonjwa mwenye jino linalotikisika akisoma makala yenu anaahirisha kusafishwa fizi akisubiri seli, na huku mfupa unaendelea kulika. Naomba toleo lijalo mumtafute daktari wa fizi aeleze nani anafaa kusubiri na nani aende kupimwa wiki hii.

Msomaji wenu