Kozi ya Kiingereza ya kidato cha kwanza ipangwe upya kabla ya Januari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba watoto wanaoingia kidato cha kwanza siku hizi ni wavivu wa Kiingereza, na kwamba dawa yao ni viboko na kupigwa marufuku Kiswahili kuanzia getini. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja ya kata wilayani Maswa, mkoa wa Simiyu, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja. Watoto anaowasema ndio ninaowapokea kila Januari. Uvivu sijauona. Ninachokiona ni kozi tunayowapokea nayo, ile ya wiki za mwanzo tunayoiita besilaini, ambayo kwa miaka mingi kwetu ilipangwa bila mtu kumtazama mtoto anayeingia mlangoni.

Mtoto huyo nyumbani anaongea Kisukuma. Kiswahili amekikuta shuleni na gulioni, na ndicho alichosomea miaka saba ya msingi. Kiingereza kwake kilikuwa somo moja tu kati ya mengi, na mara nyingi nalo alifundishwa kwa Kiswahili. Sasa anaingia sekondari, na ukiacha Kiswahili chenyewe pamoja na Historia ya Tanzania na Maadili, karibu kila kitabu anachokabidhiwa ni cha Kiingereza. Najua tuna mjadala wa siku nyingi kuhusu lugha ya kufundishia. Tume ya Makweta, ile iliyoundwa na Rais kuchunguza elimu yetu, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zihamie Kiswahili, na mpaka leo tunabishana. Nina msimamo wangu katika hilo na siku moja nitauandika. Lakini mtoto atakayeripoti Januari hawezi kutusubiri tumalize mabishano. Yeye anahitaji wiki sita zilizopangwa vizuri.

Mpango wa zamani tulioukuta shuleni kwetu ulianza na alfabeti, ukaja kwenye nomino, viwakilishi, kisha nyakati: uliopo, uliopita, ujao. Kufikia wiki ya tatu darasa zima lilikuwa linaimba "I eat, you eat, he eats". Wiki ya saba mtoto anafungua karatasi ya jaribio la Kemia, anakuta "State three safety rules in the laboratory". Hilo neno "state" hajawahi kulisikia. Mwaka mmoja, katika mkondo wa wanafunzi 74, karatasi 19 zilikuwa na kitu ambacho kila mwalimu wa kidato cha kwanza anakijua: mtoto amelinakili swali lote, neno kwa neno, akaliweka mahali pa jibu. Mwandiko safi, nukta mahali pake, mstari umepigwa kwa rula. Mtu mvivu hafanyi kazi ya namna hiyo. Nilimwomba mwalimu wa Kemia anipe zile karatasi, nikaenda nazo nyumbani, nikazipanga mezani na kuzitazama mpaka usiku. Andalio langu la mwaka uliofuata nililianzia hapo.

Kwanza niliwafuata walimu wenzangu wa Biolojia, Kemia, Fizikia, Jiografia, Hisabati, Historia na Biashara. Kila mmoja nilimwomba maneno 20 anayoyahitaji katika mada yake ya kwanza, pamoja na vitenzi anavyovitumia kuulizia maswali. Mwalimu wa Kemia alidhani namtania. "Kiingereza ni chako, Madamu," akaniambia, "mimi yangu yananitosha." Nikamwekea mbele karatasi zake 19. Hakusema kitu, ila jioni aliniletea orodha yake, na ilikuwa ndefu kuliko za wengine wote. Masomo saba, maneno 140. Ukiyagawa kwa siku 30 za masomo, hayafiki matano kwa siku. Mtoto anayewajua ng'ombe wa babu yake mmoja mmoja kwa rangi na mabaka yao hashindwi maneno matano.

Vile vitenzi navyo nikavifanya kuwa sarufi ya mwanzo: wash, open, close, hold, touch, do not touch, draw, label, list, state, explain. Amri haina nyakati za kumsumbua mtoto wala haidai ile "s" ya "he eats", na mtoto anaielewa kwa kuitenda. Tulizitenda chini ya mwarobaini, bila daftari, siku tatu nzima. Na kwa kuwa sheria za maabara zinakuja mapema katika masomo ya sayansi, kufikia wiki ya pili niliweza kuwafungulia kitabu chenyewe cha Biolojia, ukurasa wenyewe watakaoukuta darasani, nao wakausoma. Hawakuelewa kila neno. Ila walijua unasema nini, na walijua kwamba hicho ni kitabu cha sekondari, si karatasi ya kuchezea niliyowatengenezea mimi.

Niseme kidogo kuhusu siku ya kwanza, maana hapo ndipo mtoto anaamua kama atafungua mdomo au atanyamaza miaka minne. Zamani niliingia darasani na "Good morning, class", nikajitambulisha kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho, nikiamini nawapa heshima. Walinitazama kama watu wanaosikiliza redio ya nchi nyingine. Sasa naingia na kusukuma baiskeli. Naiegemeza ubaoni, nawauliza kwa Kiswahili: hiki kinaitwaje? Pedeli. Hiki? Breki. Hiki? Cheni. Pampu. Taa yake inatumia nini? Betri. Kisha naandika upande wa pili wa ubao pedal, brake, chain, pump, battery, nawaacha watazame. Tunaendelea na vilivyomo darasani na majumbani: penseli, soksi, sketi, blanketi, glasi, kalenda. Hakuna mtoto Maswa asiyekuwa na maneno hayo kabla hajaniona mimi. Mwaka juzi kulikuwa na kijana mmoja, kaka yake ni fundi baiskeli pale senta, ambaye hata jina lake alilitaja kwa kunong'ona. Ile baiskeli alinitajia vifaa vyake mpaka nikaishiwa ubao. Tangu siku hiyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono, akikosea na akipata.

Kuna mambo mengine ambayo mpangaji wa kozi asiyejua Kiswahili hawezi kuyaona, na sisi tunaokijua tunayaruka. La saa ndilo lililonifundisha zaidi. Ijumaa moja niliwaambia watoto waliokuwa nyuma waje Jumamosi, "at nine o'clock", niwasaidie kusoma. Saa tatu asubuhi nilikuwa shuleni peke yangu. Nikasubiri hadi saa nne na nusu, nikaondoka nimeudhika, nikisema moyoni yale yale anayoyasema msomaji mwenzangu. Jumatatu nikawaita niwaadhibu. Binti mmoja akanyoosha mkono, akasema kwa adabu, "Madamu, si ulisema saa tisa? Tulikuja, mvua ikatunyeshea, tukakaa barazani mpaka giza likaanza kuingia." Nine ni tisa. Wote wanane walihesabu sawasawa. Kosa lilikuwa langu, nami niliwaomba radhi mbele ya darasa zima. Tangu hapo saa ina kipindi chake kamili wiki ya kwanza, na uso wa saa wenye mistari miwili ya namba, ya kwetu na ya Kiingereza, nimeuchora kwenye manila na kuubandika ukutani. Ratiba, muda wa mtihani, jedwali la Jiografia, vyote vinapitia hapo.

Kusoma nako kuna jambo lake. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa. Mtoto akikutana na "one" anasoma o-ne, akikutana na "use" anasoma u-se, na darasa linacheka. Asichekwe. Anatumia kanuni aliyoitumia miaka saba bila kukosea hata mara moja, na hakuna aliyemwambia kwamba huku kanuni ni nyingine. Namwambia siku ya pili, kwa Kiswahili, waziwazi: Kiingereza hakisomwi kama kinavyoandikwa, utajifunza sura ya neno na sauti yake kama unavyojifunza sura ya mtu na jina lake. Huko kwetu tuna pia la r na l, kwa kuwa Kisukuma hakina r, na mtoto akishaandika "lays of right" badala ya "rays of light" kwenye Fizikia anakosa alama ya kitu anachokielewa. Na kuna yule anayeandika "my mother he is sick", ambaye wengine humwona hana akili. Yeye ametoka kwenye lugha ambamo "yeye" ni mwanamume na ni mwanamke pia.

Kwa sababu hizo sikubaliani kabisa na kukifukuza Kiswahili getini. Kila mtoto wangu ana daftari dogo la safu tatu: neno la Kiingereza, maana yake kwa Kiswahili, na mchoro au sentensi yake mwenyewe. Asiyejua neno "evaporation" huanza na nguo za mama yake zinazokauka kwenye kamba, analieleza jambo lile kwa Kiswahili mpaka limekaa sawa, halafu ndipo tunalipa jina lake jipya. Mimi mwenyewe nilipokuwa kidato cha kwanza nilivalishwa kibao shingoni kwa kosa la kumwomba mwenzangu kifutio kwa Kiswahili. Nilikivaa kuanzia asubuhi mpaka tulipokwenda kula. Sikujifunza kuomba kifutio kwa Kiingereza. Nilijifunza kutoomba kitu, na ilinichukua mpaka kidato cha tatu kuanza kujibu swali darasani bila kutetemeka. Sitamvalisha mtoto wa mtu kitu kile.

Nakuja kwenye shida kubwa ya upangaji, ambayo kwenye karatasi za maofisini huwa haionekani. Mpango wa wiki sita hudhani kwamba watoto wote wameripoti siku ya kwanza. Kwetu Januari ni wakati wa palizi. Ada ilifutwa tangu 2016 na tunashukuru, lakini sare, madaftari na viatu vinanunuliwa, na mzazi wa pamba na mahindi wakati huo hana fedha mkononi. Mwaka huu, kati ya 74 waliopangiwa mkondo wangu, siku ya kwanza nilihesabu 31. Waliendelea kuja wawili wawili, watatu watatu, mpaka mwisho wa Februari wakafika 69. Mwanafunzi akiripoti wiki ya tano hukuta kozi iko ukingoni, kesho yake anatupwa kwenye Fizikia. Ndiye huyo ambaye mwezi wa nne tunamwita mzito.

Nimejaribu kulishughulikia hivi. Kila wiki yangu imejengwa ili isimame yenyewe, ikianza Jumatatu na ile baiskeli au kitu cha namna yake, na ikiishia Ijumaa kwa kusoma ukurasa mmoja wa kitabu halisi. Anayekuja wiki ya nne anaingia Jumatatu kama walivyoingia wenzake, anapewa mwenyeji wa kukaa naye, na daftari la safu tatu analinakili kwa mwenyeji wake. Mwenyeji naye anajifunza upya kwa kumweleza mgeni. Wale wawili watatu waliotoka shule za msingi za Kiingereza siwapi nafasi ya kujionyesha, nawapa kazi ya uenyeji. Si suluhisho kamili, kwa kuwa darasa la watu 70 na mwalimu mmoja lina mwisho wake. Lakini jaribio la Machi mwaka huu, walionakili swali mahali pa jibu walikuwa wanne, na watatu kati yao waliripoti baada ya kozi kwisha.

Ombi langu kwa wakuu wa shule na maafisa elimu kata ni dogo na halina gharama kubwa. Kikao cha kupanga kozi hii kifanyike sasa, kabla hatujafunga, na walimu wa masomo yote wakae humo, si wa Kiingereza peke yake. Wiki sita ziachwe ziwe sita. Kwetu kuna mwaka zilikatwa zikawa tatu ili tuwahi mada za muhtasari, na hizo mada tulizozikimbilia tulizifundisha tena mwezi wa tano kwa sababu hakuna aliyezielewa. Na wapangaji waruhusu mzunguko wa pili kwa waliochelewa, hata kama ni kipindi kimoja cha jioni hadi Pasaka.

Wazazi nao, hasa wenzetu wa vijijini: mtoto akiripoti bila kiatu, aje hivyo hivyo. Kiatu kitamkuta shuleni. Wiki zile zikimpita, huwa tunahangaika nazo miaka minne.

Walimu wenzangu wa Kemia na Fizikia wameshaniletea orodha zao za Januari. Ya Jiografia bado, namfuatilia.

Mwalimu wa Kiingereza, sekondari ya kata,
Maswa, Simiyu
(Jina limehifadhiwa)