Tumbusi ahamie ukurasa wa afya

Mhariri,

Habari za tumbusi zikichapishwa magazetini huwekwa katika kurasa za utalii, pengine chini ya picha ya tembo, kana kwamba ndege huyo ni pambo tu la mbuga. Naomba nafasi nieleze kwa nini mahali pake hasa ni ukurasa wa afya. Ninaegemea utafiti uliotolewa mwaka 2024 katika jarida la American Economic Review na wachumi wawili, Eyal Frank wa Chuo Kikuu cha Chicago na Anant Sudarshan wa Chuo Kikuu cha Warwick.

Wataalamu hao walichunguza yaliyowapata watu wa India baada ya tumbusi wao kuteketea. Katika miaka ya 1990 diklofenaki, dawa ileile ya maumivu tunayoinunua dukani magoti yanapotusumbua, ilishuka bei, na wafugaji wa huko wakaanza kuwapa ng'ombe wao. Ng'ombe aliyekufa muda mfupi baada ya kupewa dawa hiyo aliacha mzoga ulioharibu figo za tumbusi na kumuua. Ndege waliokuwa wakihesabiwa kwa mamilioni wakapungua kwa zaidi ya asilimia 95, na kwa miaka kadhaa sababu haikujulikana, hadi uchunguzi uliofanyika Pakistan ulipoibainisha mwaka 2004. India iliipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006.

Kwa kuwa Wahindu wengi hawali nyama ya ng'ombe, mizoga ilikuwa ikitupwa nje ya vijiji na miji, na tumbusi ndio walioimaliza. Walipokosekana, mizoga ilioza, maji yakachafuka, na mbwa wa mitaani, wabebaji wa ugonjwa wa kichaa cha mbwa, wakapata chakula tele. Frank na Sudarshan walizilinganisha wilaya zilizokuwa makazi mazuri ya tumbusi na zile ambazo tangu awali hazikuwafaa, wakaona kwamba katika zile za kwanza vifo vya watu viliongezeka kwa zaidi ya asilimia 4. Wanakadiria kuwa kati ya mwaka 2000 na 2005 walikufa watu wapatao 500,000 ambao vinginevyo wangeishi. Hayo ni makadirio ya kitakwimu, hayakutokana na kuhesabu makaburi, na msomaji ana haki ya kuyahoji. Lakini hata akiyagawa kwa kumi, atabaki na watu 50,000.

Kwetu sumu huingia kwa mlango mwingine. Simba akiua ng'ombe, mwenye mali aliyekata tamaa huupaka mzoga dawa ya kuulia wadudu. Simba mwenyewe pengine asirudi, ila tumbusi hufika kwa makumi. Majangili nao hutia sumu mizoga ya tembo, maana tumbusi wakizunguka angani huwaonyesha askari wa wanyamapori mahali pa kwenda. Tangu mwaka 2015 tumbusi mgongo-mweupe na tumbusi wa Rüppell, wote wakazi wa Serengeti na Maasai Mara, wamo katika orodha ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, na ndege hawa hutaga yai moja tu kwa msimu.

Nimeitumikia mifugo muda mrefu, hivyo simlaumu mfugaji peke yake: anayesubiri kifuta jasho, yaani malipo ya serikali kwa mifugo iliyouawa na wanyamapori, kwa miezi huku zizi likipungua hawezi kutulizwa kwa semina. Kilipwe mapema. Dawa za mifugo nazo zipimwe madhara yake kwa ndege walao mizoga kabla ya kusajiliwa, hasa kwa kuwa meloksikamu, inayotibu maumivu yaleyale bila kuwadhuru tumbusi, tayari ipo.

Kwako Mhariri nina ombi dogo. Siku mwandishi wako atakapoleta habari ya tumbusi waliokutwa wamekufa kwa sumu, akishamhoji mhifadhi, apite pia kwa mganga mkuu wa wilaya.

Afisa mifugo mstaafu,
Monduli, Arusha