Jeni hiyo si ya saratani

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako tangu nilipoanza kazi ya ualimu, na kwa miaka yote hiyo sijakuandikia hata mstari mmoja, ingawa si mara moja wala mbili nimelikunja na kuliweka kando nikiwa na la kusema. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Bila shaka unaikumbuka ile habari ya mwezi uliopita kuhusu saratani ya matiti, ambayo kwa herufi nene ilisema kwamba wako wanawake wanaobeba jeni ya saratani na kuwarithisha watoto wao. Mimi ni mwalimu mstaafu wa baiolojia, nimelifundisha somo hilo hapa Lamu kwa miaka 29, na nakuandikia kwa kuwa maneno hayo matatu, jeni ya saratani, yameingia nyumbani kwa dada yangu na kuvunja jambo lililokwisha kukubaliwa na pande mbili.

Jeni inayokusudiwa, BRCA1, si jeni ya saratani. Kila mwanadamu anayo, mwanamume kwa mwanamke, nakala moja kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba, katika kromosomu ya 17, kimoja cha vifurushi vinavyobeba jeni ndani ya seli. Mtafiti Mary-Claire King ndiye aliyeonyesha mwaka 1990 mahali inapokaa, yenyewe ikapatikana mwaka 1994, na ya pili yake, BRCA2, iliyo katika kromosomu ya 13, ikafuata mwaka 1995. Kazi ya jeni hizi mbili ni kuipa seli protini za ulinzi, zinazoitengeneza DNA, uzi wenye maagizo ya seli, inapokatika ili seli isije ikaharibika na kuzaana ovyo. Aliye hatarini ni yule aliyerithi nakala moja mbovu, yaani aliyepungukiwa na mlinzi, na huyo naye hazaliwi na ugonjwa, kwa sababu nakala yake nzima inaendelea kufanya kazi hadi siku itakapopotea katika seli fulani. Mwandishi wenu amemchukua mlinzi akamwita mwizi.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa majahazi kule Matondoni, nami utoto wangu ulipita chini ya matumbo ya vyombo, mikono ikinuka sifa, yaani mafuta ya papa, nikisokota pamba ya kalafati, ile ya kuzibia nyufa za mbao. Mbao zikiachana, hapakuwa na fundi mmoja aliyeziba peke yake. Mzee mmoja mwenye masikio mazuri alipita akigonga ubao hadi asikie palipolegea. Wa pili alisafisha ufa kwa patasi. Watoto tuliitia pamba mafuta na kuipitisha. Baba akaishindilia kwa nyundo. Na nahodha alisimama pale pale mchangani, hakiteremshwi chombo majini mpaka yeye aridhike. Darasani nilitumia mfano huo kwa miaka mingi, kwa sababu hivyo ndivyo protini zinavyofanya. Protini iitwayo ATM huhisi kwamba DNA imekatika na kupiga mbiu. BRCA1 hufika ikiwa imeshikana na mwenzake BARD1, aliyetambuliwa mwaka 1996, na hawa wawili wanategemeana kiasi kwamba mmoja akikosekana wa pili hadumu, huvunjwavunjwa ndani ya seli. PALB2, iliyojulikana mwaka 2006, huwaunganisha BRCA1 na BRCA2. Kisha BRCA2 ndiyo inayoileta protini nyingine, RAD51, na kuipanga juu ya uzi wa DNA uliokatika, ili utengenezwe kwa kufuata nakala iliyo salama. Akiharibika mmoja katika mnyororo huo, kazi ya wote hulegea, na ndiyo maana mwanamke mwenye PALB2 mbovu naye yumo hatarini hata kama BRCA zake zote mbili ni nzima.

Nahodha katika mfano wangu ni protini iitwayo p53, iliyogunduliwa mwaka 1979, nayo ndiyo inayoizuia seli yenye DNA iliyokatika isigawanyike, au kuiamuru ife kabisa. Hapa ndipo habari yenu ilipokosea zaidi kwa kunyamaza. Seli ikipoteza BRCA1 huku p53 iko macho, kwa kawaida haigeuki saratani; husimamishwa, ikafa. Wataalamu waliliona hilo kwa panya katika miaka ya 1990: vijusi visivyo na BRCA1 vilikufa mapema tumboni, lakini walipoiondoa na p53 vilichelewa kufa, maana aliyekuwa akivisimamisha hayupo. Kwa hiyo uvimbe unaotokana na BRCA1 mbovu mara nyingi hukutwa p53 nayo imeharibika. Na p53 yenyewe ina wa kuichunga, kwa kuwa kuna protini iitwayo MDM2 inayoivunja kila wakati seli inapokuwa salama, na kuna PTEN, ambayo kwa kuzuia ishara za ukuaji humpunguzia MDM2 nguvu. Uvimbe ukimpoteza PTEN, p53 hudhoofika hata kama jeni yake haijaguswa. Sikutarajia gazeti lichape yote haya. Nilitarajia lijue kwamba hakuna protini inayoleta wala kuzuia saratani ikiwa peke yake.

Sasa nikueleze maneno yenu yalivyofika kwetu. Mpwa wangu, binti wa dada yangu huyo, ana miaka 24. Barua ya posa ililetwa Ijumaa baada ya sala ya alasiri, imefungwa ndani ya leso nyeupe iliyofukizwa udi, nasi wajomba pamoja na baba zake wadogo tukaipokea barazani, tukasoma Fatiha, na baada ya siku chache tukajibu kwamba tumeridhia. Siku ya kumi na moja wazee wawili wa upande wa kijana wakarudi. Walikataa kuingia ndani, wakakaa baraza ya nje, na vikombe vya kahawa wakavishika bila kunywa. Mmoja akatoa mfukoni mwa kanzu yake ukurasa wa gazeti lako uliokunjwa mara nne, mistari miwili imepigiwa kalamu ya buluu, akanikabidhi niusome kana kwamba mwanafunzi ananionyesha jibu. "Mwalimu," akasema, "sisi twakuheshimu, lakini mama yake ni mgonjwa, na bibi yake alikufa kwa maradhi haya haya. Gazeti lasema hurithiwa. Nasi twataka wajukuu." Nikamweleza kwamba katika ukoo wetu hakuna hata mmoja aliyepimwa jeni, kwa hiyo hakuna anayejua kama nakala mbovu imo au haimo. Nikamweleza kwamba saratani za matiti zinazotokana na jeni za kurithi ni kama asilimia 5 hadi 10 tu, na kwamba hata ikithibitika dada yangu anayo, binti huyu ana nusu ya uwezekano wa kuikosa. Sikumficha hatari: utafiti mkubwa uliochapwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kati ya wanawake 100 wenye BRCA1 mbovu, 72 hivi wataugua saratani ya titi kufikia umri wa miaka 80, na ndiyo maana mwenye kuijua hali yake huchunguzwa mapema na kila mwaka. Kisha nikamwambia lile lililonichoma zaidi, kwamba bibi huyo aliyekufa ni mama yangu mimi, na ikiwa alikuwa na nakala mbovu basi mimi mwanamume nina uwezekano ule ule wa kuwa nayo kama dada yangu, na ninaweza kuwa nimempa mwanangu, aliyeoa mwaka juzi na hakuna mzee yeyote aliyekuja na gazeti kumkataa. Mzee akatazama chini. Akasema wao wameagizwa tu, na wanaomba leso yao. Mpwa wangu alikuwa amesimama nyuma ya mlango, amesikia kila neno. Aliileta mwenyewe ile leso, ameipiga pasi na kuikunja, akaiweka juu ya sinia ya kahawa, akarudi ndani bila kusema kitu.

Na kwa kuwa nimeshaanza kusema, acha niseme na hili, kwa maana linatokana na uzembe ule ule wa maneno. Mwaka jana dada yangu alitolewa kipande cha nyama katika uvimbe wa titi, kikapelekwa kupimwa mbali, na karatasi ya majibu ikarudi imeandikwa yote kwa Kiingereza. Ilieleza kwamba ni saratani, na chini kabisa ikaorodhesha vipimo vitatu, estrojeni, projesteroni na HER2, kila kimoja kikiwa na neno la hasi. Aliyempa karatasi dirishani, katika kituo ambacho sitakitaja, alishuka kwa kidole hadi mistari ile ya mwisho akamwambia, "Hasi, mama, zote tatu hasi." Dada yangu akapanda boti akarudi nyumbani, akawapikia watoto wa madrasa wali wa shukrani. Miezi minne baadaye, uvimbe uliokuwa kama punje ya kunde ulikuwa kama ndimu, ndipo akaniletea karatasi ile niisome. Hasi tatu, Mhariri, maana yake ni kwamba uvimbe huo hauna vipokezi vitatu, yaani milango ya seli ya kupokelea ishara za ukuaji, ambavyo dawa nyingi hulenga, na kwa hiyo ni aina ngumu zaidi kutibu. Tena ndiyo aina ambayo BRCA1 mbovu huelekea kuizaa, na ambayo kwa sehemu kubwa hukutwa p53 imeharibika, wakati kwa saratani zote za matiti zikijumlishwa ni kama 3 tu kati ya 10. Angeelezwa siku ile ile, angevuka kwenda Mokowe, bandari ya ng'ambo bara, na kuendelea hadi Mombasa mapema, na huenda angeambiwa apimwe jeni. Kipimo hicho si cha kumpatia mtu aibu, bali cha kusaidia kumchagulia dawa. Tangu mwaka 2005 imejulikana kwamba seli ya uvimbe iliyopoteza BRCA huegemea njia nyingine ya kujitengeneza, inayotegemea protini iitwayo PARP, na kwamba dawa ya kuizuia PARP huiua seli hiyo na kuziacha nyingi zilizo nzima. Dada yangu sasa yuko katika matibabu Mombasa, lakini miezi ile minne hairudi.

Ninaloomba ni hili. Chapeni masahihisho katika ukurasa ule ule na kwa herufi zenye unene ule ule, na yatoke katika toleo la Ijumaa, kwa sababu hiyo ndiyo siku gazeti linasomwa kwa sauti barazani na kusikilizwa na wasiosoma. Kuanzia sasa andikeni jeni ya ulinzi iliyoharibika. Ni maneno manne badala ya matatu, na nafasi ya neno moja zaidi haikosekani gazetini. Mwandishi wa habari ile na aje Lamu kwa siku mbili, nauli ya boti kutoka Mokowe na chumba cha kulala ni juu yangu, nimpeleke Matondoni akawaone mafundi wanavyokalafati chombo, kisha aketi na mpwa wangu iwapo mwenyewe atakubali. Na kwa wenye vituo vya afya wanaosoma barua hii, naomba karatasi yoyote yenye neno hasi au chanya isitoke dirishani kabla haijasomwa kwa Kiswahili mbele ya mgonjwa na mtu wake mmoja wa nyumbani, na mgonjwa akaeleza kwa kinywa chake alichokielewa.

Nimeambatisha mistari 12 niliyoiandika kwa ajili ya masahihisho hayo, ili msipate taabu ya kutafuta maneno. Ijumaa yatakapotoka nitanunua nakala tatu, mbili nitawapelekea mwenyewe wale wazee, na moja nitamwachia mpwa wangu.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu
(Jina limehifadhiwa kwa ajili ya familia)