Mlinzi wa Kashi

Varanasi, India,
Jumatano usiku.

Shoga yangu kipenzi,

Salaam nyingi. Baridi imeanza kuuma na masomo yananipeleka puta, lakini leo sikuandikii hayo. Siku ile kwenye simu uliniuliza kelele za nyuma yangu ni za nini. Si kelele, mwenzangu, ni wimbo. Bibi mwenye nyumba huuimba kila alfajiri huku akitunga maua, na jana akanichukua hekaluni nikamwone anayeimbiwa.

Anaitwa Kalabhairava. Ni Shiva yule yule, mungu mkubwa wa Wahindu, ila kwa sura ya ghadhabu: mweusi, macho matatu, mkononi mkuki na fimbo. Hekalu limejificha kwenye vichochoro vyembamba kama vya Mji Mkongwe. Mbwa wamejilalia mlangoni na hakuna wa kuwafukuza, maana mbwa ndiye kipando chake. Wanalishwa biskuti! Unanijua mimi na mbwa. Nilipita nimekusanya gauni kwa mikono miwili. Ndani huoni mwili, ni uso wa fedha tu katikati ya maua na moshi wa taa za mafuta ya haradali. Mpaka pombe anatolewa. Mhudumu akanigusa mgongoni na fimbo ya manyoya ya tausi, mikosi initoke.

Sasa huo wimbo. Ni wa Kisanskriti, Kalabhairava Ashtakam, na wenyewe wanasema mtunzi ni Shankara, mwanafalsafa wao wa kale. Wewe mshairi ungeupenda: beti 8, kila ubeti mishororo 4, na wa nne ni kibwagizo kisichobadilika, "Kashika puradhinatha Kalabhairavam bhaje", yaani namwabudu Kalabhairava, bwana wa mji wa Kashi. Kashi ndilo jina la kale la hapa Varanasi. Tarbia hiyo, au siyo? Nilitegemea vitisho vitupu. Kumbe ubeti wa kwanza tu, ukishamtaja nyoka aliyemvaa begani kama uzi, unamwita mwenye huruma, na wa pili unasema ndiye anayevusha watu bahari ya maisha haya.

Kisa chake ndicho kilichoninyima usingizi. Alimkata Brahma, mungu muumba, kichwa cha tano, fuvu likamganda mkononi. Akazurura nalo akiombaomba, dunia nzima halitoki, mpaka alipokanyaga Kashi likadondoka lenyewe. Akabaki hapo hapo kuulinda mji. Watu humwita kotwal, mkuu wa polisi, na husema hakuna anayekaa Kashi bila ruhusa yake. Hebu fikiria, mkuu wa polisi aliyewahi kuwa mkosaji, tena wa damu! Mimi nahisi ndiyo maana bibi humwimbia kwa sauti ile ya kubembelezea mtoto, ingawa mwenyewe hakusema hivyo. Nilipomuuliza kama hamwogopi, alicheka: "Mlinzi asiyetisha ni wa nini?"

Wakati wa kutoka akaninunulia uzi mweusi, mithili ya ule wanaofungwa vichanga kule kwetu. Niliona haya kuukataa, na kuuvaa nikashindwa. Nimeufunga kwenye mpini wa sanduku langu la safari. Mama usimwambie.

Niandikie upesi, na zile beti zako mpya usisahau.

Shogako wa siku zote