Barua kwa mwanangu: kabla hujanunua bagi la mashindano

Idrisa mwanangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote wazima, na shangazi yako anakusalimu sana.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umepata klabu ya magari ya rimoti hapo Northampton, umependa mabagi, yale magari madogo ya mbio za nje (buggy), ya umeme ya kipimo cha 1/10 yanayovuta tairi zote nne, na sasa umekwama kati ya magari matatu ukiniuliza lipi lina kasi zaidi. Baba, usianzie hapo. Mota ile ile ukiifunga kwenye lolote kati ya hayo matatu, kasi itakuwa karibu sawa. Anza na uwanja: unakimbia juu ya nini? Halafu uliza vipuri vya gari gani vinapatikana Jumapili saa nne asubuhi, pale pale uwanjani, mkono wa mbele ukishakatika.

Huko Uingereza utakimbia zaidi kwenye nyasi bandia kiangazi, na kwenye zulia ndani ya ukumbi wakati wa baridi. Video nyingi ulizonitumia ni za viwanja vya udongo vya Marekani, na gari la udongo lina tabia yake. Udongo unateleza na una mashimo, kwa hiyo gari hukaa juu kidogo, kama milimita 22 hadi 24 kutoka chini, na springi zake ni laini. Zulia linashika tairi kupita kiasi. Gari lililokaa juu likikata kona kwa kasi linabiringika, hivyo watu hulishusha mpaka milimita 17 au 18, wakaweka springi ngumu na fito nene za kuzuia gari lisilale. XRAY wa Slovakia hata huuza bagi lao la XB4 kwa namna mbili: XB4C ni ya zulia, XB4D ni ya udongo. Herufi hiyo moja itazame vizuri kabla ya kulipa. Mwenye duka akikwambia D ameishusha bei, mwache nayo. Kuligeuza la udongo liwe la zulia inawezekana, lakini ukinunua kipande kimoja kimoja, nafuu uliyopata mwanzo inaisha yote.

Kisha kuna mkanda na shafti. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo magari haya yanapotofautiana kweli.

Gari la mkanda hupeleka nguvu mbele na nyuma kwa mikanda ya mpira yenye meno. Uvutaji wake ni laini, halina kelele, na ukikanyaga mafuta halipinduki upande, kwa sababu hakuna shafti inayozunguka katikati kulivuta mwili wa gari. Ubaya wake ni uchafu: kijiwe kikiingia kati ya mkanda na puli, meno yanakwanguka, na mkanda ukilegea unaruka meno wakati wa kuondoka. Gari la shafti lina propela moja katikati, na krauni na pinioni kila upande, zote zimefunikwa. Mchanga hauliathiri sana na nguvu hupotea kidogo. Lakini krauni na pinioni, yaani gia kubwa na ndogo zinazokutana pale, zinataka shimu (vipete vyembamba vya kujazia nafasi) sawasawa. Zikiachana, zinatafunana mpaka meno yanakuwa unga. Zikibanana, utaliona gari zito ukilisukuma kwa mkono na mota inachemka bila sababu.

Kwa anayeanza, mimi huchagua shafti: XB4, B74 ya Team Associated, au Yokomo YZ-4 SF. Lakini wewe uko Northampton, na Northampton ndiyo kwao Schumacher, watengenezaji wa magari haya, ambao bagi lao la Cat ni la mikanda. Na si gari la kubeza. Mwaka 1987, kwenye mashindano ya dunia yaliyofanyika Romsey, Uingereza, Masami Hirosaka wa Japani alichukua ubingwa wa 4WD (magari yanayovuta tairi zote nne) kwa Cat akiwa na umri wa miaka 17. Ulikuwa ubingwa wake wa kwanza kati ya 14. Jina hilo la Cat wanalitumia mpaka leo. Kwa hiyo Jumapili ijayo nenda bila pesa mfukoni. Zunguka meza zote uhesabu: Cat ngapi, XB4 ngapi, B74 ngapi. Gari lenye watu wengi ndilo lako, hata kama ni la mkanda. Aliye nalo atakuazima kipuri na kukuonyesha mpangilio wake wa springi na oili, na vitu hivyo viwili ni bora kuliko chochote kilichoandikwa kwenye boksi.

Lile la nne ulilouliza mwishoni, Tamiya TT-02B, ni gari zuri la kujifunzia na bei yake ni ndogo sana. Lakini linakuja na bushi za plastiki mahali pa beringi, na difu zake (gia zinazoruhusu tairi za kushoto na kulia kuzunguka kwa kasi tofauti) hazikutengenezwa kushika oili. Ukitaka kucheza kwenye maegesho na wenzako, linunue kwa moyo mweupe. Ukitaka kushindana, utalibadilisha kidogo kidogo mpaka gharama zake zikaribie za gari la mashindano, na bado halitafika.

Sasa pesa. Kiti kamili ya mashindano, yaani seti ya vipande vya kuunda gari (kit), huuzwa vipande vipande, bila mota, bila kidhibiti kasi, bila sevo (kimota kinachokunja tairi za mbele), bila betri, mara nyingi hata bila tairi. Watoto wengi huangalia bei ya kiti wakadhani ndiyo bei ya gari. Zidisha mara mbili ndipo upange bajeti. Kama haitoshi, nunua kiti iliyotumika, usipunguze kwenye sevo wala chaja.

Sevo dhaifu huharibu gari zima. Tairi za mbele za 4WD zinavutwa na mota wakati huo huo unazikunja, kwa hiyo tafuta yenye nguvu ya kilo 15 kwa sentimita au zaidi, na kasi ya sekunde 0.10 kwa nyuzi 60 au chini ya hapo. Kabla ya kununua hakikisha mwili wake unaingia, kwani magari mengi ya sasa yanataka sevo fupi. Upande wa mota, uliza klabu wana madaraja gani. Kama wana daraja la 13.5, yaani idadi ya mizunguko ya waya ndani ya mota, ingia hapo. Kama wote wanakimbia mota huru, zisizowekewa kikomo cha mizunguko, chukua ya mizunguko 6.5 na upunguze ukali wake kwenye kidhibiti. Namba ikiwa ndogo mota ni kali zaidi, usije ukanunua 4.5 ukidhani ni ya pole.

Betri ni lipo (lithiamu-polima) ya seli mbili, volti 7.4, ile fupi yenye kasha gumu, milimita 96 kwa 47. Mbio za huko kwa kawaida ni dakika 5, hivyo 4,000 mAh yatosha, na betri nyepesi hulifanya gari lijigeuze upesi. Lakini pima gari zima kwenye mizani: kanuni za kimataifa za 4WD hazikubali chini ya gramu 1,588. Chaji kwa ampea inayolingana na betri, yaani ya 4,000 mAh uichaji kwa ampea 4, kwa chaja inayosawazisha seli, ndani ya mfuko usioshika moto, na ukae hapo hapo. Ikifika volti 8.40 imejaa. Usiitumie mpaka seli moja ishuke chini ya volti 3.2, na ukiiweka zaidi ya siku chache iache kwenye 3.8 kwa kila seli. Betri iliyovimba haitengenezwi.

Tairi: kwenye nyasi bandia utakuta wengi wana Mini Pin za Schumacher nyuma. Usibuni, vaa wanayovaa wanaoshinda hapo. Rimu za mbele za 4WD si sawa na za gari linalovuta nyuma tu, muuzaji aelewe hivyo. Osha ndani ya tairi na ukingo wa rimu kwa spiriti kabla ya kupaka supaglu, la sivyo tairi itabanduka kwenye ruko la kwanza.

Siku ya kuunda gari, mahali pa kwenda polepole ni difu. Panga vipande juu ya kitambaa cheupe. Pakaa grisi kidogo kwenye oringi za pande zote mbili, kisha weka gia ndogo na pini zake za msalaba. Mimina oili ya silikoni mpaka ifunike pini hizo kidogo tu, usijaze. Oili nzito ni kama asali, inashuka na mapovu, kwa hiyo iache dakika kumi, zungusha gia kwa kidole, mapovu mengine yatapanda, kisha ongeza tone. Laza gasketi isiwe na mkunjo hata mmoja. Skrubu nne zikaze kwa msalaba, kidogo kidogo, kama unavyokaza nati za tairi la gari kubwa. Mwisho pima difu kwenye mizani ya jikoni na uandike uzito kwenye daftari; ukiifungua baada ya miezi miwili utajua imevuja kiasi gani. Difu nyingi zinazovuja zimejazwa kupita kiasi, maana oili ikipata moto inatanuka na kutafuta njia.

Fuata oili ya kwenye kitabu cha gari kwanza. Baadaye ujue hivi: oili nzito mbele hulifanya gari lijivute vizuri ukitoka kwenye kona, lakini huliongezea ubishi wa kukunja ukiingia kwenye kona umeachia kasi. Oili nyepesi nyuma hulisaidia gari kuingia kwenye kona. Badilisha kimoja tu kwa siku. Ukibadilisha viwili hutajua kipi kimekusaidia.

Pinioni ya mota, ile gia ndogo, na gia kubwa ya plastiki zisibanane. Kata ukanda wa karatasi ya kawaida, upitishe kati ya meno, sukuma mota mpaka ibane, kaza skrubu, kisha zungusha karatasi itoke. Ikitoka na mikunjo bila kuchanika, ndiyo. Zungusha gia yote mzunguko mzima ukitikisa kwa kidole, kwa kuwa gia nyingine si duara kamili, na kila mahali uusikie mchezo mdogo. Kuhusu uwiano: gawanya meno ya gia kubwa kwa ya pinioni, zidisha kwa uwiano wa ndani ulioandikwa kitabuni. Gia ya 81 na pinioni ya 22, na uwiano wa ndani tuseme 2.5, ni kama 9.2. Baada ya dakika 5 pima joto la mota. Ikipita nyuzi 80, punguza jino moja la pinioni, na usingoje harufu.

Gundi ya kufungia skrubu tia pale chuma kinapoingia kwenye chuma. Ukiitia kwenye plastiki inaipasua. Nunua bisibisi nzuri za alenki za milimita 1.5, 2.0 na 2.5 kabla ya gari lenyewe, kwani skrubu iliyolika kichwa ndani ya chesi ya alumini itakupotezea Jumamosi nzima.

Vipuri vya kwanza: mikono ya mbele jozi mbili, vishika magurudumu vya mbele jozi moja, pini za mikono, gia kubwa mbili, vikombe vya ncha za tairodi. Mbele ndiko kunakogonga. Ukumbi ukiwa wa baridi plastiki inakuwa kama kioo, kwa hiyo weka mikono ya akiba ndani ya koti.

Ukiamua lililotumika, usiridhike na picha ya bodi. Ligeuze. Vichwa vya skrubu za chini vikiwa vimesagika mpaka tundu la alenki limepotea, limekimbia sana. Tikisa kila gurudumu juu na chini. Mchezo mkubwa ni pini au beringi. Shika gurudumu moja la mbele uzungushe jingine ukiweka sikio karibu: ukisikia mchakacho, hesabu difu mpya kwenye bei. Bana kila shokapu polepole, ikiwa fimbo yake imepinda utaihisi inakwama mahali pamoja. Laza chesi juu ya kioo cha meza. Ikicheza kwenye pembe, imepinda, usinunue.

Jiunge na BRCA, chama cha magari ya rimoti cha Uingereza, kabla ya mbio ya kwanza, maana uanachama wake una bima ukimgonga mtu. Na mbio yako ikiisha usikimbilie mezani. Simama uwanjani ugeuze magari ya kundi linalofuata yakipinduka. Wanaokwepa zamu hiyo hawaazimwi kipuri na mtu.

Likizo ukija nalo nyumbani, gari litaingia kwenye sanduku, betri hazitaingia. Zichukue mkononi ndani ya ndege, kila moja na mfuko wake, ncha zimefunikwa kwa tepu. Ya 5,000 mAh ni saa-wati 37, na wanakubali mpaka 100, lakini uache maandishi ya kwenye kasha yasomeke.

Jumapili ukishahesabu meza, niandikie idadi. Na ukiona lililotumika linalokupendeza, nitumie picha ya tumbo lake kabla hujatoa hata pauni moja.

Mama yako