Bandama Lililovimba Si Malaria Peke Yake

Mhariri,

Bandama likivimba katika nchi zetu, malaria hushukiwa kwanza, na mara nyingi ni sawa; lakini mgonjwa asiyepata nafuu baada ya tiba apimwe zaidi, kwani anjiosarkoma, saratani adimu inayoanzia kwenye mishipa ya damu ya kiungo hicho, huweza kulipasua bandama na kumwaga damu tumboni kabla haijatambuliwa.

Linalonisikitisha zaidi ni yanayofuata upasuaji wa kuliondoa bandama. Aliyeondolewa bandama amepoteza kichujio cha damu, hivyo bakteria wa nyumokoka, wanaosababisha nimonia, huweza kumuua ndani ya siku 2, na malaria humwelemea zaidi. Naiomba Wizara ya Afya ihakikishe anachanjwa dhidi ya bakteria hao, ikiwezekana wiki 2 kabla ya kupasuliwa, na anaelezwa waziwazi kwamba kwake homa yoyote ni dharura.

Msomaji wako,
Morogoro